Ngeli za Takwimu za Uhalifu: Mchango Mdogo katika Taaluma Isiyo na Idara

Wanasarufi wamegombania idadi ya ngeli za Kiswahili kwa zaidi ya karne moja na bado hawajaafikiana. Makala haya yanawaongezea ugomvi. Tunakusudia kuziainisha takwimu za uhalifu za Tanzania Bara, pamoja na ndugu zake wa Zanzibar na Kenya, kwa kigezo ambacho waliotutangulia walikidharau: zilizaliwa wapi, na nani aliyekuwa na haja nazo.

Tunawaheshimu waliotutangulia. Mfaransa André-Michel Guerry alichapisha ramani za uhalifu mwaka 1833, akitumia majedwali ya mahakama ambayo wizara ya sheria ya nchi yake ilianza kuyakusanya mwaka 1825. Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka miwili baadaye, alistaajabu kuona mauaji yanajirudia mwaka hadi mwaka kwa idadi ileile, kana kwamba taifa limeyatengea bajeti. Kuhusu makosa ambayo hayakufika mahakamani, Quetelet aliridhika kudhani kwamba uwiano wake na yale yaliyofika haubadilikibadiliki. Ni dhana nzuri. Ila Quetelet hakuwahi kwenda kuripoti simu Mbagala.

Kwanza vipimo. Chukua majambazi watano waliovamia nyumba moja Goba na kuwapora watu watatu. Je, hilo ni moja, ni tatu, au ni tano? Askari anayeandika kosa atasema moja. Anayehesabu waathirika atasema tatu. Kamanda anayetangaza mafanikio ya operesheni atasema tano, iwapo wamekamatwa wote. Hakuna aliyedanganya. Lakini mwandishi wa habari akichukua tano ya mwaka huu na kuilinganisha na moja ya mwaka jana, tayari amepata kichwa cha habari cha ukurasa wa mbele.

Ngeli ya Kaunta

Hii ndiyo ngeli mama, na tutakaa hapa kuliko kwingine. Mtu ameibiwa, anakwenda kituoni, anasimulia, askari anaandika, namba inatoka: RB kwa Mtanzania, OB kwa Mkenya. Namba hiyo inapanda kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa RPC, kamanda wa mkoa, kisha makao makuu, na mwisho inakutana na wenzake katika ripoti ya mwaka ya hali ya uhalifu na matukio ya usalama barabarani, ambayo Jeshi la Polisi huiandaa pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS. Ripoti inahesabu Januari hadi Desemba. Makosa imeyapanga mafungu matatu: dhidi ya binadamu, ya kuwania mali, na dhidi ya maadili ya jamii. Barabarani kuna chumba chake. Kwa Kenya, mahali pepesi pa kuanzia ni sura ya utawala na usalama katika Economic Survey, kitabu ambacho shirika la takwimu la nchi hiyo, KNBS, hukitoa kila mwaka. Vyote hivi vinapatikana mtandaoni bila kulipa. Anayelalamika kwamba takwimu zimefichwa, mara nyingi hajazitafuta. Anayedhani ameziona zote, hajawahi kusimama kaunta.

Maana kati ya tendo na namba kuna mwendo mrefu, na wengi huishia njiani. Kuku akiibwa, kesi inaishia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tena kwa kupatanishwa. Ndala zikiibwa msikitini, hakuna kesi kabisa. Aliyeporwa pochi yenye shilingi elfu nane anapiga hesabu ya nauli ya kwenda kituoni na kurudi, siku nzima ya biashara, na ile safari ya pili ya "njoo Jumatatu", kisha anasamehe. Taaluma yetu humwita mtu huyu mchangiaji mkuu wa amani ya taifa.

Sasa tazama simu. Aliyeporwa simu hana tumaini la kuiona tena, ila anaitaka namba yake, maana ndiyo yenye pesa, ndiyo inayojulikana na wateja. Kampuni ya simu au benki inataka karatasi. Pale kaunta anaulizwa swali moja ambalo wasomi wa jinai wangepaswa kuliandikia vitabu:

"Mama, simu imeibwa au imepotea?"

Ikiwa imeibwa, kuna maelezo, kuna mashahidi, kuna mpelelezi ambaye leo hayupo. Ikiwa imepotea, kuna loss report, na siku hizi unaweza kuijaza mwenyewe mtandaoni. Mama ana watoto wanaosubiri chakula. Simu imepotea. Kutokana na uchunguzi huu tumeunda Nadharia ya Upotevu, isemayo kwamba Watanzania ni watu wasahaulifu sana, hasa jioni, hasa ndani ya daladala, na hasa kuhusu vitu vilivyokuwa mfuko wa nyuma.

Kutoka hapo tunafika kwenye kanuni ambayo makala haya yote yanaiegemea. Tumeiita Kanuni ya Karatasi ya Pili: kosa linaandikwa polisi kwa wingi pale ambapo ofisi nyingine inadai karatasi ya polisi. Wizi wa gari unaripotiwa kwa sababu bima hailipi bila ripoti. Wizi wa pikipiki unaripotiwa kwa sababu dereva wa bodaboda lazima amthibitishie bosi wake kwamba hakuiuza. Kujeruhiwa kunaripotiwa kwa sababu ya PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali (Wakenya wana P3 yao). Mauaji yanaandikwa kwa sababu mwili haufichiki kirahisi, na daktari, ndugu na mahakama wote wana haja na karatasi. Ukishuka ngazi, ukakuta kosa ambalo hakuna ofisi yoyote inayolidai karatasi, hapo jedwali linanyamaza. Kwa hiyo msomaji anayeona wizi wa magari ni mwingi kuliko wizi wa masufuria asikimbilie kusema wezi wetu wana magereji. Masufuria hayana bima.

Kanuni hii inaeleza pia kwa nini mauaji ndiyo yanayopendwa na walinganishaji wa kimataifa. Hata hivyo, nayo yana mtego. Katika ripoti za polisi wa Kenya, fungu la vifo limewahi kubeba kwa pamoja kuua kwa kukusudia, kuua bila kukusudia, kuua mtoto mchanga, kutoa mimba, kuficha uzazi, kujiua, na hata vifo vya udereva wa hatari. Anayechukua jumla ya fungu hilo na kuiweka kando ya mstari mmoja wa "mauaji" wa Tanzania, kisha akatangaza nchi ipi ni katili zaidi, amelinganisha kapu zima na embe moja.

Ngeli ya Msako

Kuna makosa yasiyo na mlalamikaji. Hakuna mtu anayekwenda kituoni kusema, "Afande, nimeuziwa gongo, nayo ilikuwa nzuri." Bangi, mirungi, pombe ya moshi, silaha isiyo na kibali: haya yanaandikwa siku polisi walipoamua kuyatafuta. Askari wakifanya misako na doria miezi mitatu mfululizo, fungu la maadili ya jamii linafura. Wakielekezwa kulinda uchaguzi au mechi, linasinyaa.

Matokeo yake ni kitendawili ambacho tunampa kila mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza, kama tungekuwa na wanafunzi. Mkoa A umeandika makosa mengi ya dawa za kulevya, mkoa B machache. Ni upi wenye uhalifu zaidi? Mwanafunzi hodari hajibu. Anauliza ni mkoa upi ulipata gari jipya la doria.

Vilevile kwa vituo vipya. Kata iliyokuwa kilomita ishirini kutoka kituo cha polisi ilikuwa na amani ya ajabu katika majedwali. Kikajengwa kituo, ghafla wananchi wakawa wahalifu. Tusicheke sana, kwa sababu jambo hilihili lina upande wa maana. Polisi walipoanzisha madawati ya jinsia na watoto, walioumizwa walipata mahali pa kusemea, na kupanda kwa idadi kuliweza kuwa habari njema. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa kila mwezi takwimu za matukio ya udhalilishaji, kwa wilaya, umri na jinsia, na wengi wa waathirika katika taarifa hizo ni watoto. Mwezi ambao mstari umepanda unaweza kuwa mwezi wa ubaya zaidi, au mwezi ambao bibi mmoja wa Magharibi B alikataa yamalizwe nyumbani. Jedwali halitofautishi. Kwa hilo lazima umuulize sheha.

Ngeli ya Kipaza Sauti

Hii ni fupi. Inazaliwa RPC akiwa mbele ya waandishi, au Waziri wa Mambo ya Ndani akisoma hotuba ya bajeti. Sifa yake kuu ni asilimia, na sifa ya pili ni mwaka wake. Hotuba ya bajeti hupima kwa mwaka wa fedha, kwa kawaida kuanzia Julai hadi mwezi wa karibu na siku ya kusomwa. Ripoti ya polisi na NBS hupima Januari hadi Desemba. Mwizi mmoja wa Agosti anahesabiwa kote, katika miaka miwili isiyolingana, na watu wawili waaminifu wanaweza kubishana baa nzima mpaka saa ya kufunga, kila mmoja ana karatasi yake na kila mmoja ana haki.

Kuhusu asilimia: mauaji yakishuka kutoka mawili hadi moja wilayani, yamepungua kwa nusu. Mwaka unaofuata yakirudi mawili, yameongezeka mara mbili. Wilaya imekaa palepale. Dai la asilimia lisiloambatana na idadi yenyewe lisomwe kwa sauti ya chini.

Ngeli ya Kigawanyo

Hapa taaluma inapata heshima, kwa sababu kuna hesabu. Ili kulinganisha mahali penye watu wengi na mahali penye watu wachache, unagawanya makosa kwa idadi ya wakazi, unazidisha kwa laki moja. Dar es Salaam ina makosa mengi? Dar es Salaam ina watu 5,383,728 kwa mujibu wa Sensa ya 2022, kati ya Watanzania 61,741,120. Ingeshangaza kama isingekuwa na makosa mengi.

Tatizo linaanzia kwenye kigawanyo chenyewe. Sensa ilihesabu watu mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Wezi wa Kariakoo hawafanyi kazi na watu waliolala Kariakoo. Wanafanya kazi na mteja aliyetoka Kimara, mfanyabiashara aliyetoka Lubumbashi, mama wa Songea aliyekuja kufunga mzigo wa vitenge. Hawa wote wanaibiwa juu ya mstari, lakini chini ya mstari hawapo. Chini wapo wachache waliolala ghorofani. Kwa njia hiyo eneo la biashara linaonekana la kutisha, na kitongoji kinacholala mchana kinaonekana pepo. Tunapendekeza, bila matumaini, sensa ya saa sita mchana.

Kisha kuna mipaka. Mikoa ya kipolisi si ileile ya kiutawala. Dar es Salaam ni kanda maalumu yenye mikoa ya kipolisi ya Ilala, Kinondoni na Temeke. Mkoa wa Mara umegawanyika, Tarime na Rorya wakiwa na RPC wao. Anayechukua makosa ya "Mara" ya polisi na kuyagawanya kwa watu wa "Mara" ya sensa ameipunguzia Mara uhalifu wote wa Tarime kwa kalamu moja, mafanikio ambayo operesheni nyingi zimeyakosa. Na kwa kuwa Jeshi la Polisi lina pia kikosi cha Reli na cha Viwanja vya Ndege, kuna siku mwanafunzi mwenye bidii atatafuta kiwango cha uhalifu kwa kila wakazi laki moja wa uwanja wa ndege. Wakazi ni sifuri. Hesabu inakataa, kwa mara ya kwanza ikionyesha busara.

Simu zimeivuruga ngeli hii zaidi. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, katika ripoti zake za robo mwaka hutoa mgawanyo wa majaribio ya utapeli wa simu kwa mikoa, na mara kwa mara Rukwa na Morogoro zimekuwa zikiongoza. Msomaji wa Dar anafurahi: kumbe si sisi. Lakini orodha hiyo inafuata zilipo laini za matapeli. Aliyepokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" yupo Tandika, yupo Njombe, yupo popote. Yule aliyetuma hela anaweza kwenda kaunta ya kwao, naye ataandikwa huko. Yule aliyecheka na kuripoti namba ya tapeli kwenda 15040 hakuibiwa kitu, ila amezaa takwimu. Aliyetuma laki tatu akaona aibu kumwambia mumewe hakuzaa kitu.

Ngeli ya Saa

Ngeli ndogo, lakini ndiyo tunayoipenda. Kanuni ya Adhabu ya Kenya inatofautisha kuvunja nyumba mchana na kuvunja nyumba usiku: usiku lina jina lake, na kifungo chake kinafika miaka 10 badala ya 7. Usiku, kwa sheria hiyo, ni kati ya saa 12:30 jioni na saa 12:30 asubuhi. Basi mwizi anayepasua kufuli saa 12:29 jioni ni wa mstari mmoja wa jedwali, na mwenzake aliyecheleweshwa na matatu kwa dakika mbili ni wa mstari mwingine. Shule moja ya fikra inashikilia kwamba foleni ya Thika Road inaathiri mgawanyo wa makosa kitaifa. Shule hiyo ina mfuasi mmoja, ambaye ni mwandishi wa makala haya.

Ukichunguza majedwali ya Kenya utakuta mabaki mengine ya sheria za enzi za wenye nyumba kubwa: wizi wa mtumishi una mstari wake, wizi wa mifugo una wake, na makosa yanayomhusu mtalii nayo yana fungu lake. Mtumishi aliyeibiwa mshahara na bosi hana mstari. Na mistari hufa pia. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kinachofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hukumu moja, bila doria hata moja, uhalifu wa aina hiyo ulikosa uhalali wa kuhesabiwa.

Kinyume chake, kuna uhalifu maarufu usio na mstari kabisa. Jioni ya mwanzoni mwa Januari 2015, Dar es Salaam ilikimbia: maduka yalifungwa, watu wakajifungia, wakisema Panya Road wanakuja. Tafuta Panya Road katika ripoti yoyote ya mwaka. Hawamo. Yupo kijana wa unyang'anyi wa kutumia silaha, yupo wa kujeruhi, yupo wa kuvunja. Hofu ile ya jiji zima haikuandikiwa RB.

Ngeli ya Kijiwe

Kijiwe hakina mfululizo wa miaka wala kigawanyo. Kina usemi mmoja: siku hizi wizi umezidi. Hatujawahi kusikia kijiwe kilichotangaza kupungua. Kundi la WhatsApp la mtaa ni kijiwe kilichopata umeme, na video ya mwizi mmoja inaweza kuzunguka mitaa minne kama wezi wanne. Tungeipita ngeli hii, ila ina jambo moja ambalo jedwali halina: inajua kuku waliibwa kwa nani.

Ngeli ya Kuulizwa

Kuna njia ya kuikwepa kaunta. Unakwenda nyumba kwa nyumba, unauliza watu yaliyowapata, waliripoti au hawakuripoti. Uingereza imekuwa ikifanya hivyo tangu 1982. Ilipofika Januari 2014 mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo iliziondolea takwimu za polisi alama ya ubora, na baadaye mwaka huohuo wakaguzi wa polisi wakakadiria kwamba karibu kosa moja katika kila matano yaliyoripotiwa halikuandikwa. Tunataja hili kwa ajili ya wale wanaodhani mwendo wa kaunta ni ugonjwa wa Kiafrika.

Kwetu, utafiti wa afya ya uzazi wa Tanzania wa 2015–16 uliuliza wanawake wa miaka 15 hadi 49, na wanne katika kila kumi walisema wamewahi kupigwa au kuumizwa mwili tangu wakiwa na miaka 15. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 uliwauliza vijana wa miaka 13 hadi 24, na karibu wasichana watatu katika kila kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu yao hawakuwa wamemwambia mtu yeyote. Rudi kwenye Kanuni ya Karatasi ya Pili: ni ofisi gani ingedai karatasi kwa kipigo cha chumbani? Hakuna. Kwa hiyo kosa ambalo huenda ndilo lililoenea kuliko yote linakaa katika kitabu cha afya, karibu na uzazi wa mpango, mahali ambapo anayetafuta uhalifu hapekui. Hapa mzaha wetu unasimama kwa muda.

Ngeli Iliyokamatwa

Imebaki moja, nayo imetusumbua kuiainisha. Mwaka 2018 Bunge la Tanzania lilirekebisha Sheria ya Takwimu, na kutangaza takwimu zenye kusudi la kupotosha au kubatilisha zile rasmi likawa kosa, lenye faini isiyopungua shilingi milioni kumi, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kipengele hicho kililegezwa 2019. Kwa miezi kadhaa, basi, takwimu ya uhalifu iliweza yenyewe kuwa uhalifu, na mtu aliyesimama kijiweni Manzese akapinga asilimia za kamanda alikuwa karibu kuongeza kosa moja katika idadi aliyokuwa akiipinga.

Swali la kitaaluma ni fungu gani lingempokea. Dhidi ya binadamu haiwezekani, hakuna aliyejeruhiwa. Kuwania mali hapana, takwimu haina thamani sokoni. Linabaki fungu la maadili ya jamii, na huko tunapendekeza apewe nafasi kati ya bangi na gongo.